Kabla ya Yeremia 29:11 kuna mistari kumi

Kila mwisho wa Desemba, makanisa ya Dar es Salaam yanapojaa watu wa mkesha kuanzia Kawe hadi Mbagala, kuna mstari ambao haukosi kusikika. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Umechapwa kwenye fulana, kalenda, kadi za kipaimara na vioo vya bajaji. Mhubiri akiutamka nusu, ukumbi mzima unaumalizia. Sasa muulize aliyeumalizia kwa sauti kubwa kuliko wote: hao "ninyi" ni akina nani? Mstari wa kumi unasemaje? Mara nyingi utaambiwa tu, "Ni neno la Mungu, ndugu, lipokee."

Mkristo wa jiji hili hana upungufu wa mistari. Anaipata asubuhi kwenye stetasi za WhatsApp, anaikuta kwenye daladala, redio inamsomea, kwaya inamwimbia. Anachokosa ni sura, na vitabu vizima. Imani inayolishwa kwa mistari iliyonyofolewa hudumaa, na sababu yake ni nyepesi: mstari niliouchagua mwenyewe, au niliochaguliwa na mtu anayejua ninachotamani kusikia, haunibishii. Sura nzima inaweza kunibishia. Mimi naona kukua kiroho kunaanzia hapo hapo pa kubishiwa.

Tuuchukue mstari huo huo wa mkesha. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia wa Yuda pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawahamishia Babeli. Hekalu lilikuwa bado limesimama, ingawa vyombo vyake vingi vilikwisha kubebwa. Waliobaki Yerusalemu na waliohamishwa walikuwa na swali moja: haya yataisha lini? Sura ya 28 inatuletea nabii mwenye jibu tamu. Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akafungua kinywa kwa maneno yale yale aliyoyatumia Yeremia, "Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi," akatangaza kuwa nira ya mfalme wa Babeli imevunjwa. Ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi.

Yeremia akasema, "Amina." Wapo wanaoiona Amina ile kuwa ya kejeli. Mimi naisoma kama ya moyoni, maana naye alikuwa mtu wa Yuda na aliutamani urejesho huo kama wengine. Kisha akaonya kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania hakutaka kungoja. Aliitwaa ile nira ya mti ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara, akaivunja mbele ya watu wote. Ningependa kujua, kama ibada ile ingefanyika leo katika moja ya kumbi zetu, vigelegele vingekwenda upande gani. Yeremia akaenda zake. Hanania alikufa mwezi wa saba wa mwaka huo huo.

Sura inayofuata ni barua ya Yeremia kwa wale waliohamishwa, na ndani yake ndimo umo mstari wetu. Barua inaanza kwa maagizo ambayo hakuna mtu anayeyachapa kwenye fulana: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, zaeni watoto. Kwa Kidar: acha kuishi kwa mkoba ukisubiri kurudi kwenu, tafuta kiwanja Chanika, chimba msingi, panda miembe. Mstari wa nane na wa tisa unawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao wanaotabiri uongo kwa jina la Bwana. Wa kumi unataja muda: miaka sabini. Mtu wa miaka arobaini aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa papo hapo kwamba yeye harudi. Ndipo unapofika mstari wa kumi na moja, mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho.

Hebu litazame hilo vizuri. Andiko tunalolitumia kutabiriana kuvuka mwaka huu liliandikwa kuwapinga waliokuwa wakitabiri kuvuka mwaka ule.

Na kitabu hakiishii hapo. Msomaji mvumilivu atakayefika sura ya mwisho, ya 52, atamkuta tena yule mfalme Yekonia, safari hii akiitwa Yehoyakini. Ni mwaka wa thelathini na saba wa kuhamishwa kwake. Anatolewa gerezani na kupewa kiti katika meza ya mfalme, lakini yumo Babeli. Miaka miwili ya Hanania imepita zaidi ya mara kumi na tano. Mwandishi hasemi lolote kumhusu Hanania; anaweka tarehe na kunyamaza, kazi ya kukumbuka anamwachia aliyeisoma sura ya 28.

Je, tuache kuutumia mstari ule? Hapana. Ukisomwa mahali pake una nguvu kuliko ukiwa peke yake. Mama anayemlea mtoto mwenye ulemavu Tandale hahitaji kuambiwa kwamba kufikia Juni mambo yatakuwa mengine. Juni imekuja na kwenda mara nyingi. Barua ya Yeremia inamwambia kwamba mawazo ya Mungu juu yake ni ya amani hata kama jambo lenyewe litachukua umri wake wote, na kwamba siku zile za katikati si za kukaa umefunga mizigo. Hilo ni tumaini linaloweza kubebwa Januari na likabaki zima Novemba.

Kuna jambo lingine ndani ya barua hiyo ambalo Wakristo wa Dar tumelipita kama basi la abiria waliojaa. Mstari wa saba unawaagiza mateka wautakie amani mji ule walikopelekwa na kuuombea kwa Bwana, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Wengi wetu tulikuja hapa kutoka mikoani, na moyoni Dar ni mahali pa kutafutia, kwetu ni kule tunakokwenda kula Krismasi. Tunaomba kupata hapa, lakini kuuombea mji wenyewe, na kuutunza, hapana. Mvua zikizidi, Jangwani pakafungwa, tunaona ni kazi ya serikali na mitaro yake, ilhali sehemu ya kilichoziba mitaro tumekitupa sisi tukitoka ibadani. Sijawahi kusikia mkesha wa kuombea Bonde la Msimbazi. Anayeusoma mstari wa kumi na moja pamoja na wa saba hawezi kuomba baraka yake binafsi bila kuuona mtaa anaoishi.

Kwa nini basi tumezoea mistari? Nadhani mazoea haya yana umri mkubwa kuliko simu zetu. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanazuoni wa Uingereza wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Ni huduma kubwa; bila namba hizo mchungaji angetumia dakika tano kutuelekeza mahali. Lakini kwa miaka karibu elfu moja na mia tano waumini walipokea nyaraka za mitume bila namba. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba waraka ukiisha kusomwa kwao, usomwe pia katika kanisa la Walaodikia. Waraka, mzima, kwa sauti, mbele ya watu. Kuchukua mstari mmoja wa waraka ni kama kumsikiliza abiria wa jirani akiongea na simu kwenye daladala: unasikia upande mmoja, na ule unaujazia mwenyewe.

Wafilipi 4:13 ni mfano mzuri wa tunavyojazia. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" imekuwa kauli ya wajasiriamali, wanamichezo na watahiniwa. Lakini Paulo yuko kifungoni, anawashukuru Wafilipi kwa msaada walioutuma kwa mkono wa Epafrodito, na mistari miwili iliyotangulia anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndiyo "mambo yote" anayoyaweza. Anaweza kulala njaa bila kumkana Bwana wake, na anaweza kushiba bila kumsahau. Sijui lipi gumu zaidi kwa mtu wa mjini.

Mfano unaoniuma zaidi uko Malaki. Sura ya 3 mstari wa 10, leteni zaka kamili ghalani, husomwa karibu kila bahasha zinapopitishwa. Sina ugomvi na zaka. Ila rudi mistari mitano nyuma. Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na katika orodha hiyo hiyo anawaweka wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, mjane, yatima na mgeni. Jumapili hii, katika makanisa ya jiji, kuna watu watakaotoa fungu la kumi kamili huku dada wa kazi nyumbani akidai mishahara ya miezi kadhaa, na mlinzi wa getini akiambiwa kila siku "kesho". Mtu huyo akiusoma mstari wa kumi pekee anatoka kanisani akiwa amebarikiwa. Akiisoma sura nzima anatoka na deni, na akilipa deni lile Jumatatu asubuhi, hapo amekua kiroho kuliko kwa semina ya siku tatu.

Hatari ya kutosoma haiishii kwenye kudumaa. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kuyakanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Siwahukumu marehemu, na matukio hayo mawili hayalingani. Kinachoyakutanisha ni kwamba wahanga hawakuwa watu wasiomtaka Mungu. Walimtaka sana. Walikosa namna ya kupima walichoambiwa. Mathayo 4 inatuonyesha kwamba hata mjaribu anajua kunukuu. Alimnukulia Yesu Zaburi ya 91, ile ile tunayoibandika mlangoni kwa ajili ya ulinzi. Jibu la Yesu lilikuwa, "Tena imeandikwa." Mstari mmoja ulipimwa kwa maandiko mengine. Asiyejua kwingine kumeandikwa nini hana "tena" ya kujibia.

Ningekomea hapo kama faida ya kusoma ingekuwa kinga tu. Lakini kuna eneo ambalo Biblia inatupa kitu ambacho mahubiri ya ushindi hayana, nalo ni maombolezo. Nenda Muhimbili au Ocean Road saa ya kuwaona wagonjwa. Utawasikia waumini wakimwambia mgonjwa aliyedhoofika, "Kiri uzima, usiseme unaumwa." Wanampenda, hilo halina shaka. Lakini wamemfunga mdomo siku anayouhitaji kuliko zote. Zaburi zimejaa watu wanaosema wanaumwa. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" ndivyo inavyoanza ya 13. Nyingi hugeuka kabla hazijaisha, zikamalizia kwa sifa. Ya 88 haigeuki. Mwombaji analia mchana na usiku, anamwambia Mungu waziwazi kwamba ni yeye aliyemweka katika shimo la chini, na zaburi inaishia gizani bila hata haleluya moja. Waliokusanya Zaburi waliiacha humo, na kwa karne nyingi imesomwa ibadani.

Mkristo anayejua kwamba Zaburi ya 88 imo ndani ya kitabu kitakatifu ana kitu cha kusoma kando ya kitanda cha mgonjwa. Hana haja ya kuchagua kati ya kumdanganya ndugu yake na kunyamaza. Yule aliyelelewa kwa mistari ya ushindi tupu, siku msiba utakapoingia kwake, ataona ama yeye hana imani ama Mungu hayupo. Nimeona wakienda njia zote mbili.

Wapo watakaoniambia, na huniambia, kwamba "andiko huua, bali roho huhuisha," kwa hiyo haya ya kuchunguza historia na barua ni mambo ya vyuo. Andiko hilo nalo lina sura yake. Katika 2 Wakorintho 3 Paulo analinganisha agano lililochorwa katika mawe na agano jipya la Roho. Hawaambii watu wafunge vitabu. Mtu huyo huyo, akikaribia mwisho wake, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Baridi inampiga, kifo kiko mlangoni, naye anaulizia vitabu.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Kuna watu wanaoijua Biblia vilivyo na hawajakua hata shubiri. Enzi za mihadhara ya dini viwanjani tuliwaona waliokariri vifungu pande zote mbili, Wakristo na Waislamu, vikitumika kama marungu. Na kila usharika una mzee wake anayesahihisha kila mhubiri lakini haongei na jirani yake. Yesu mwenyewe aliwaambia wataalamu wa wakati wake, "Mwayachunguza maandiko," kisha akawalaumu kwamba hawataki kuja kwake ambaye maandiko yanamshuhudia. Hilo nalikubali lote. Kusoma peke yake hakumkuzi mtu, kama anasoma akitafuta makosa ya wenzake. Lakini dawa ya mzee yule si kumnyang'anya Biblia. Msomee Malaki 3:5 taratibu, umuulize mfanyakazi wake analipwa lini.

Habari ya muda na upatikanaji sitaikalia. Biblia nzima kwa Kiswahili ipo tangu 1891, kazi ya Unguja iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere. Tafsiri ya Union ikatoka 1952, Habari Njema 1995, na leo hizo mbili za karibuni ziko kwenye simu bila malipo. Waraka kwa Wafilipi una sura nne, unasomeka kwa sauti kwa robo saa hivi. Foleni ya Mbagala ni ndefu kuliko hiyo. Yule towashi Mkushi wa Matendo 8 alikuwa akimsoma Isaya njiani, garini, tena kwa sauti, ndiyo maana Filipo alimsikia.

Lakini towashi yule alipoulizwa kama yamemwelea, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Hapo makanisa yetu yanahusika, na hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa zaidi. Wasabato wana lesoni ya kila wiki inayopitia kitabu au mada kwa robo mwaka, na inaonekana wanapojadili. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambako somo la Jumapili huweza kujadiliwa sebuleni kwa mtu, na tangu 2019 Papa Francis aliwawekea Dominika ya Neno la Mungu. Sisi Walutheri tuna kalenda ya masomo na jumuiya za nyumba kwa nyumba, ingawa katika nyingi nilizohudhuria somo hupewa dakika kumi, taarifa ya michango arobaini. Makanisa ya kipentekoste yana moto na wasomaji vijana wengi, lakini mhubiri akiwa ndiye mwenye ufunuo wa wiki, muumini hubaki msikilizaji hata baada ya miaka ishirini. Waraka kwa Waebrania unawalaumu watu wa namna hiyo: kwa muda uliopita ilipasa wawe waalimu, nao bado wanahitaji maziwa.

Ningependa wachungaji wachague kitabu kimoja kwa mwaka, wakihubiri sura kwa sura, pamoja na sura zisizochangisha. Watu watauliza maswali, na mengine yatawabana wao wenyewe madhabahuni. Waberoya waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo aliyosema Paulo ndivyo yalivyo. Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo, na hakuna dalili kwamba Paulo alinuna.

Na kwa muumini anayetaka kuanza bila kumngoja mchungaji, nisingemshauri aanze Mwanzo akiwa na lengo la kumaliza sura zote 1,189 kufikia Desemba. Wengi hukwama Walawi mwezi wa pili na kuacha. Aanze na Marko, sura kumi na sita, akiisoma kama habari moja. Kisha Wafilipi, yote kwa kikao kimoja. Akishazoea, aende kwa Yeremia, na asiende peke yake. Apate mwenzi, mume, mke au jirani wa jumuiya, wasome sura moja kwa jioni na kuulizana. Kitabu hicho hakifuati mpangilio wa tarehe: sura ya 28 iko wakati wa mfalme Sedekia, ya 35 inarudi kwa Yehoyakimu, baba yake Yekonia. Waandike majina ya wafalme kwenye karatasi, kwa mpangilio wa utawala wao, waiweke ndani ya Biblia kama alama ya ukurasa.